KUUZA NYUMBA YA MIRATHI
Somo katika hukumu za nyumba, ushirika na shufaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada. Ndugu Waislamu, katika neema alizotukumbusha Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nahli ni kuwa ametujaalia majumba yetu kuwa makao ya utulivu. Mtu atokapo baharini au sokoni, akiisha kupita daka la nyumba yake, huona moyo umetua. Basi neema kama hii haifai kuuzwa kwa pupa, wala kuuzwa na asiye na haki ya kuiuza.

Nasi sote twajua kwamba ugomvi wa nyumba katika miji yetu ya pwani mara nyingi hautokani na nyumba aliyoinunua mtu kwa jasho lake, bali hutokana na nyumba aliyoiacha marehemu ikakaa isigawanywe. Baba hufa, na watoto huona haya kutaja mirathi. Mwaka hupita, miaka kumi hupita. Mwana mkubwa ameshika funguo na hati, na watu wamezowea kuiita nyumba ile nyumba yake. Khalafu siku moja mnunuzi hubisha hodi na fedha mkononi, na mama mzee aliye ndani hupata khabari ya kuuzwa nyumba kwa kinywa cha mgeni.

Somo letu ni neno moja: aliyeshika funguo siye mwenye nyumba. Tutaeleza nyumba ni ya nani, nani aweza kuuza na auze nini, na ni nini haki ya mshirika na ya jirani.

FASILI YA KWANZA: NYUMBA NI YA NANI

Jueni ya kuwa mali ya maiti haigawanywi illa baada ya kutolewa gharama za maziko yake, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi thuluthi. Na mahari ya mke yaliyobaki bila kulipwa ni deni kama madeni mengine. Wengi huyasahau haya. Kilichobaki baada ya hayo ni cha warithi wote, tangu saa ile aliyokufa. Hakingoji kuandikwa, wala hakingoji mwana mkubwa aridhike.

Natutoe mithali. Mtu wa Lamu amekufa, ameacha mke, wana wawili wanaume na mabinti watatu, na nyumba moja ya mawe. Hana deni wala wasia. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Sabaa thumni zilizobaki ni za watoto, mwanamume apata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Basi nyumba yote ni mafungu 8: mama fungu 1, killa mwana mwanamume mafungu 2, na killa binti fungu 1. Tukikadiria kuwa thamani yake ni shilingi 9,600,000, mama ana 1,200,000, killa mwana 2,400,000, na killa binti 1,200,000. Yule mwana mkubwa anayeiita nyumba yake ana robo tu. Robo tatu ni za watu wengine.

Na mambo hayasimami hapo. Kabla ya kugawanya, binti mmoja amekufa, ameacha mume na mtoto mchanga mwanamume, na mama yake yu hai. Fungu lake haliwarudii nduguze. Mume ana robo yake, mama ana sudusi, na baki ni ya mtoto. Sasa nyumba ile imekuwa mafungu 96: mama 14, killa mwana mwanamume 24, killa binti aliye hai 12, mume wa marehemu 3, na mtoto 7. Katika thamani ile ile, kitoto kisichojua kusema kina shilingi 700,000 katika kuta zile. Haya ndiyo madhara ya kuchelewesha: killa mauti yapitayo mlangoni huongeza washirika, na mwisho wake nyumba moja huwa na warithi arubaini, nusu yao wako Unguja na Maskati, wala hapana ajuaye hisabu.

FASILI YA PILI: NANI AWEZA KUUZA, NA AUZE NINI

Katika sharuti za kusihi bei ni muuzaji awe anamiliki kile anachokiuza, au awe wakili au walii wa mwenyewe. Basi mwana mkubwa akiuza nyumba nzima bila idhini ya wenziwe, kwa qauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi bei yake yasihi katika fungu lake peke yake, na katika mafungu ya wenziwe ni batili. Mnunuzi, ikiwa hakujua, ana khiyari ya kuivunja bei au kukubali fungu lile kwa sehemu yake ya thamani. Wala asiseme mnunuzi, "Nimetoa fedha, nimeona hati." Fedha haihalalishi kitu kisicho cha muuzaji. Na katika hadithi ya Said bin Zaid, aliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata shibiri moja atavikwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama.

Ama yule mtoto mchanga, mwenye kusimamia mali yake ni baba yake. Naye hana rukhsa ya kuuza fungu la mtoto katika nyumba illa kwa haja ya mtoto, au kwa manufaa yaliyo dhahiri, kama kupata thamani inayozidi sana kadiri yake. Haja ya baba si haja ya mtoto.

Tena itazamwe kama nyumba ile, au sehemu yake, ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata shamba katika Khaibar aliliweka wakfu kwa shauri la Mtume (S.A.W.), lisiuzwe, wala lisitolewe hiba, wala lisirithiwe. Kwa hivyo nyumba aliyoiwakifu babu kwa msikiti au kwa kizazi chake haimo katika mirathi kabisa, na mafungu tuliyoyahisabu hayaingii humo.

FASILI YA TATU: HAKI YA MSHIRIKA

Mtu akitaka kuuza fungu lake mwenyewe, hilo ni lake. Lakini sharia imemtazama yule atakayebaki, asije akaamka akajikuta ana ushirika na mtu asiyemjua katika kiwanda kimoja, ngazi moja na kisima kimoja. Kwa sababu hii imeweka shufaa, nayo ni haki ya mshirika kulitwaa lile fungu lililouzwa kwa mtu wa nje, kwa thamani ile ile aliyouziwa. Asili yake ni hadithi ya Jabir, kwamba Mtume (S.A.W.) amehukumu shufaa katika killa kisichogawanywa, mipaka ikiisha kuwekwa na njia zikitenganishwa, hapana shufaa tena. Na katika mapokezi ya Muslim, mshirika apewe khabari kabla ya kuuzwa. Akitaka atwae, akitaka aache. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kwa wanazuoni wetu kuuza bila kumpa khabari ni makuruhu; na juu ya hayo haki yake ya shufaa haipotei.

Na ajue mshirika kuwa shufaa ni ya papo kwa papo. Akiisha kupata khabari, akanyamaza bila udhuru, haki yake imekwenda. Asikae miezi sita akilalamika barazani, kisha akaja kudai.

Na iko hila imezoeleka, nayo ni kuandika katika hati thamani kubwa kuliko iliyolipwa, ili mshirika aogope kutwaa. Nyumba imeuzwa milioni 5, hati yaandikwa milioni 8. Huu ni uwongo, na ni kula haki ya mtu, na mashahidi waliotia mkono wakijua wameshiriki katika dhambi.

FASILI YA NNE: HAKI YA JIRANI

Katika madhehebu yetu jirani ambaye si mshirika hana shufaa. Imamu Abu Hanifa amempa. Lakini kutokuwa na shufaa si kutokuwa na haki ya wema. Sikilizeni kisa cha Abu Rafii, alichokipokea Bukhari. Alikuwa na vyumba viwili ndani ya nyumba ya Saad bin Abi Waqqas, akamwendea Saad avinunue. Saad akasema hatoi zaidi ya dirhamu 4000, tena kwa mafungu mafungu. Na Abu Rafii alikuwa ameisha pewa dinari 500 na mtu mwingine, nazo kwa hisabu ya dirhamu 10 kwa dinari ni dirhamu 5000. Akamwuzia Saad kwa ile kasoro, akaeleza kuwa lau asingalimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingalimpa. Tazameni: ameacha fedha nyingi za mkono kwa mkono, ametwaa kidogo cha kungojea, kwa ajili ya neno moja la Mtume. Mtu kama huyu katika zama zetu tungalimwita mjinga wa biashara.

Na nyumba zetu za mawe zimeshikana. Ukuta mmoja huchukua boriti za nyumba mbili, na wikio hupita juu ya njia likaegemea kwa jirani. Kwa hiyo muuzaji aeleze ukuta ni wa nani, boriti zimewekwa kwa haki au kwa hisani, na wikio ni la upande gani. Yasipoelezwa leo, wajukuu watayagombania.

FASILI YA TANO: KUBAINISHA NA KUANDIKA

Si halali kuficha aibu ya kitu unachokiuza. Boriti zilizoliwa na mchwa zikafunikwa kwa dari mpya, ukuta uliopasuka ukapakwa chokaa jana, maji ya mvua yaingiayo msanani: yote hayo yatajwe. Mnunuzi akiona aibu iliyokuwako kabla ya kununua, naye hakuijua, ana haki ya kurudisha, kwa sharuti asikawie.

Na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Bakara kuandika madeni na kushuhudisha katika biashara. Sharia ya serikali katika Kenya nayo yataka mapatano ya kuuza ardhi na nyumba yaandikwe, yatiwe sahihi na kushuhudiwa. Kwa Katiba ya mwaka 2010 makadhi wana hukumu katika mirathi ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nao. Na kwa Katiba hiyo hiyo asiye raia hamiliki ardhi milele, bali kwa muda usiozidi miaka 99. Tumelitaja hili kwa kuwa tangu Mji wa Kale wa Lamu kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba zake zinatafutwa na watu wa mbali, na muuzaji yapasa ajue anauza nini.

MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Dada zetu wamesema, "Tumesamehe, chukueni nyinyi." Je, twaweza kuuza?
Jawabu: Ikiwa wamesema kwa ridhaa, wakijua kadiri ya fungu lao, na wao ni watu wazima wenye akili, yafaa. Lakini ikiwa wamesema kwa kuona haya, au kwa kuogopa wasiitwe wapenda mali, wanazuoni wamesema kwamba kilichotwaliwa kwa haya hakimhalalikii aliyekitwaa. Basi waambie kwanza fungu lako ni kadha, thamani yake kadha. Uwaache waulizane na waume zao na watoto wao. Kisha uwaulize tena. Mtu hasamehi asichokijua.

Suala: Ndugu mmoja ana haja ya fedha, wengine hawataki kuuza. Wafanyeje?
Jawabu: Wamnunulie fungu lake, ijapokuwa kwa kulipa kidogo kidogo kama Saad na Abu Rafii. Au nyumba ikodishwe, kodi igawanywe kwa mafungu. Wakishindwa, wamwendee kadhi kabla ya kugombana, si baada.

Suala: Nini hukumu ya bei ya khiyari, mtu kuuza nyumba yake kwa fedha kidogo, akabaki ndani akilipa kodi, mpaka arudishe fedha?
Jawabu: Khiyari ya sharuti kwa madhehebu yetu haizidi siku tatu. Ama hii ya miaka, ikiwa makusudio yao ni kukopesha fedha na kodi ndiyo faida, hiyo ni riba iliyovikwa kanzu ya bei. Wako wanazuoni wa Hadhramaut walioruhusu namna yake kwa sharuti zao. Lakini mwenye kuichunga dini yake ajiepushe, kwani wazee wengi wa pwani wamepoteza majumba kwa njia hii.

KHATIMA

Imepokewa katika Ibn Majah, katika isnadi ambazo wako waliozidhoofisha, kwamba mwenye kuuza nyumba asiitie thamani yake katika mfano wake hatabarikiwa katika thamani hiyo. Na macho yetu yameshuhudia maana yake. Nyumba iliyojengwa na babu kwa miaka saba huliwa kwa miezi saba: arusi, chombo cha kutembelea, madeni ya duka, kisha mwenye nyumba akawa mpangaji katika mtaa aliozaliwa.

Basi ndugu msomaji, kama umeshika funguo za nyumba ya marehemu, usingoje mnunuzi abishe. Waite warithi, wanaume kwa wanawake. Andikeni majina ya wote, na waliokufa na warithi wao. Mpelekeeni kadhi au mwanazuoni awahisabie mafungu. Killa mmoja apewe karatasi yake. Kisha mkitaka kukaa, kaeni. Mkitaka kuuza, uzeni. Ndugu watakaouza nyumba wakiwa wamepatana watabaki ndugu, na watakaoiuza kwa siri watakutana mahakamani, kisha watakutana mbele ya Yule asiyehitaji hati wala shahidi.

Mwenyezi Mungu atuwafikie kutoa haki za watu kabla hazijatolewa kwetu kwa nguvu, na aturuzuku makao mema duniani na Akhera. Amin.

Wallahu aalam.