Silabi na Pumzi: Upangaji wa Korali kwa Kundi la Tarumbeta katika Usambara

1.0 Utangulizi

Mjadala wa mizani katika Kiswahili umejengwa hasa juu ya shairi linaloghaniwa au kuimbwa. Makala hii inachunguza hali tofauti kidogo: korali ya Kijerumani inayopigwa na ala za shaba, zisizotamka neno lolote, huku waumini wakiiimba kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba mpangaji wa muziki wa namna hii hana budi kuanza na silabi za Kiswahili, wala si na noti za kitabu alichorithi.

2.0 Usuli

Wamisionari wa shirika lililokuja kujulikana kama Misheni ya Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na kituo cha Vuga kikafuata mwaka 1895. Mwaka 1906 makao ya shirika yalihamia Bethel, karibu na Bielefeld, alikofanya kazi Johannes Kuhlo (1856-1941), mwenezi mkuu wa vikundi vya tarumbeta vya kanisa nchini Ujerumani. Kuhlo alitaka mpigaji asome moja kwa moja kitabu cha waimbaji wa sauti nne. Katika bendi za kijeshi, mpiga tarumbeta ya B-flati huandikiwa C ilhali inayosikika ni B-flati; katika mtindo wa Kuhlo noti huandikwa kama inavyosikika. (Wajerumani huiita noti hiyo B tu, jambo linaloweza kumkanganya aliyejifunza kwa vitabu vya Kiingereza.) Soprano na alto hupewa tarumbeta na flugelihoni, teno hupewa honi ya teno au tromboni, na besi hupewa tromboni na tuba. Kwa njia hiyo hata korali za J. S. Bach hupigwa bila kunakiliwa upya.

Urahisi huo ndio chanzo cha tatizo, kwani pamoja na noti za Kijerumani huja mkazo wa Kijerumani.

3.0 Mkazo

Tuchukue "Wachet auf" ya Philipp Nicolai, iliyochapishwa mwaka 1599 na kupangwa na Bach kwa sauti nne katika kantata namba 140 ya mwaka 1731. Mistari miwili ya kwanza huishia kwa silabi dhaifu, na Kiswahili huingia humo bila shida. Mstari wa tatu huishia kwa silabi yenye mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, hasa ya mkopo. Neno kama "mwokozi" likiwekwa mwishoni mwa mstari huo kwa kufuata noti, husikika "mwokoZI". Mwimbaji mwenye sikio huweka "ko" juu ya pigo kuu, kisha huongeza "zi" katika sauti ileile. Kitabu kina noti moja ndefu. Kinywa kina mbili.

Ala zifanyeje? Zote nne zikishikilia noti ndefu, "zi" humezwa. Zote zikiigawa, silabi dhaifu hupewa uzito isiostahili. Pendekezo letu ni kwamba soprano na alto zigawe noti kwa mguso mwepesi wa ulimi, teno na besi zishikilie.

4.0 Pumzi

Alama ya kituo mwishoni mwa mstari humwalika mpigaji apumue. Lakini sentensi ya Kiswahili mara nyingi huvuka mpaka huo, kitenzi kikiwa mstari huu na yambwa katika unaofuata. Kundi zima likipumua pamoja, maana hukatika. Afadhali wapumue kwa zamu. Mbinu ya kupokezana si ngeni Afrika Mashariki: katika amakondere ya majumba ya kifalme ya Buganda na Bunyoro, kila pembe hutoa sauti moja au mbili tu, na wimbo huundwa na wapigaji wanaopokezana. Anayepumua Lushoto asikae kimya muda mrefu, hata hivyo; katika mwinuko wa takriban mita 1,400, asubuhi za Juni na Julai, ala iliyopoa hushuka sauti.

Kwa sababu hizo, maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya kila sauti ya ala, hata ya tuba.