Bwawa la Nyumba ya Mungu: Ghala la Nishati

Mahali ikutanapo mito ya Kikuletwa na Ruvu, kusini mwa Mlima Kilimanjaro, lipo bwawa la Nyumba ya Mungu. Kituo chake cha umeme, kilichoanza kazi mwaka 1968, kina uwezo wa megawati 8 tu. Je, faida yake ni hiyo peke yake?

Tukumbuke kanuni. Mita moja ya ujazo ya maji ina tungamo la kilo 1,000. Ikianguka kimo cha mita 10 hutoa takriban jouli 100,000. Basi mita za ujazo 10 zikianguka hivyo kila sekunde hutoa megawati 1, kabla ya kutoa hasara ya msuguano.

Maji yazungushapo turbini hayaliwi. Hupoteza kimo tu. Yakitoka hapo huteremka na Mto Pangani hadi vituo vya Hale (megawati 21, mwaka 1964) na Maporomoko Mapya ya Pangani (megawati 68, mwaka 1995). Maji ya masika yaliyowekwa akiba bwawani ndiyo yanayovisaidia vituo hivyo wakati wa kiangazi.

Lakini ghala likijaa mchanga halina nafasi ya nafaka. Udongo unaomomonyoka katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro hutuama bwawani na kupunguza akiba. Mkulima achimbaye matuta huko juu hulinda pia umeme wa Tanga.

Zoezi: Maji yale yale ya mfano wetu yakianguka mita 70, yatatoa megawati ngapi?