KUTEMBEA NA UZITO WA MWILI



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu mmoja anayefanya kazi ya biro alinijia baada ya Isha. Siku hizi anaswali juu ya kiti, kwa sababu ya uzito na magoti. Akasema: "Shehe, daktari aliniambia nitembee. Miezi miwili natembea kila asubuhi, mizani haisogei. Naacha." Jibu lake ni letu sote tunaoshinda vitini hapa Kolwezi.

Kwanza: je, kutembea kunapunguza kilo? Ndiyo, lakini kidogo. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka nusu saa, anatumia kama kalori 150. Akinywa chupa moja ya sukre ya santilita 33, amezirudisha karibu zote.

Pili: mwaka 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti juu ya Wahadzabe, wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania. Wanaume wao walitembea kama kilomita 11 kwa siku. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu walizotumia kwa siku hazikuzidi za watu wa Marekani na Ulaya. Kumbe mwili unaotembea sana hujua kubana matumizi kwingine. Basi usiibebeshe miguu kazi ya mdomo.

Tatu: je, tuache kutembea? Hasha! Hata mizani isiposogea, mwendo hushusha presha, hupunguza sukari katika damu na hutia moyo nguvu. Tena aliyekwisha kupungua humsaidia kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilishauri dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba kaswida.

Nne: tutazame sahani. Katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuliachia tumbo nafasi ya chakula, ya maji na ya pumzi. Je, bukari tunayokula usiku, kisha tukalala, inaacha nafasi gani ya pumzi?

Basi ndugu yangu, baada ya Alfajiri usirudi kitandani. Tembea nusu saa, siku tano kwa juma, katika njia za Manika au Dilala, kabla malori hayajainua vumbi. Punguza bukari, acha sukre, kunywa maji. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Yule ndugu nilimwambia: usiache, ongeza jambo la pili. Mwili ni amana, na tutaulizwa juu yake. Mwenyezi Mungu amjalie arudi kusimama nasi safuni. Amin.

Wabillahi tawfiq.