Klorini Ikivuja, Panda Juu

Mji wa Nakuru umeinama kuelekea ziwani. Kutoka Menengai hadi Ziwa Nakuru ardhi inateremka, na majitaka hufuata mteremko huo. Jambo hili lina uzito wake katika usalama, kwa sababu gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Ikivuja haipai kama moshi. Hutambaa chini na kujaa kwenye mitaro, mashimo na mabonde.

Mitambo ya majitaka ya Nakuru hutegemea zaidi mabwawa, ambako jua na muda huua vijidudu. Klorini hutumika sana kutibu maji ya kunywa, na kwingine duniani hutumika pia kumalizia kusafisha majitaka. Hatari yake ilionekana Aqaba, Yordani, tarehe 27 Juni 2022, pale tangi la klorini lilipoanguka bandarini likipakiwa melini. Wingu la manjano lilitanda na watu 13 wakafa.

Mahali penye mitungi ya gesi hii, mitungi hufungwa kwa mnyororo isianguke, na hakuna anayebadilisha mtungi akiwa peke yake. Barakoa ya kawaida ya hospitali haizuii klorini hata kidogo. Mtungi unaovuja haumwagiwi maji: klorini ikikutana na maji hutoa asidi, nayo hula chuma na kupanua tundu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri afunze wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza.

Mkazi aliye karibu anayesikia harufu kali kama ya Jik na macho yanawasha, kwanza atazame upepo. Moshi wa jikoni au nguo kwenye kamba zitamwonyesha. Akate upepo kwa ubavu hadi atoke kwenye harufu, kisha apande. Asijifiche mtaroni, na asirudi kuchukua mali. Akishindwa kutoka, afunge madirisha, azibe nyufa kwa vitambaa vilivyolowa na apande ghorofa ya juu ikiwapo. Apige 999 au 112.

Hata hivyo, kwa familia nyingi gesi hii hutengenezwa chooni. Jik ikichanganywa na asidi ya kusugulia choo hutoa klorini papo hapo. Ikimwagwa kwenye choo chenye mkojo mwingi hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Tumia dawa moja tu, mlango ukiwa wazi. Unga wa klorini nao hutiwa kwenye maji, si maji kwenye unga.

Aliyevuta gesi atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizoingia gesi, na macho yaoshwe kwa maji mengi kwa dakika 15. Apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.