SOMO KWA VYAMA: KULIJARIBU WAZO LA BIASHARA KABLA YA KUKOPA



Katika kazi ya ukaguzi nilipata kuona, ndani ya ghala la chama kimoja, mashine ya kusaga iliyofunikwa turubai kwa miaka mitatu. Kamati iliiona mashine kama hiyo kijiji cha jirani, ikaona yatosha. Wateja hawakuulizwa. Deni lake lilikuwa bado likikatwa katika malipo ya kahawa ya wanachama.

Wazo jema huanza na kilichopo. Wanakijiji wa Ng'iresi, kwenye mitelemko ya Mlima Meru, walipoanza kupokea watalii katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, hawakuanza kwa kujenga hoteli. Wageni walionyeshwa mashamba na nyumba za Waarusha, wakalishwa chakula cha pale pale. Kama wageni wasingalikuja, njia na migomba ile ingaliendelea kuwatumikia wenyewe.

Tuchukue mfano wa chama kinachotaka kuuza mtindi hapa Kijenge. Kisianze na jokofu wala duka. Mkutano utenge kiasi ambacho chama chaweza kukipoteza bila kuchelewesha malipo ya mwanachama yeyote, tuseme shilingi 200,000, na muhtasari utaje siku ya kukoma. Kwa wiki nne, baada ya kupata idhini ya ofisa wa afya, lita 20 kwa siku ziuzwe kwa taslimu juu ya meza ya kuazima, mauzo ya leo yakinunua maziwa ya kesho. Jaribio liwe na daftari lake. Sifa zisiandikwe humo, yaandikwe malipo. Wiki ya kwanza hununua ndugu na majirani, nayo imewadanganya makatibu wengi. Itazamwe wiki ya tatu na ya nne: ni nani amerudi, na kwa bei ile ile? Kuni, nauli na ujira wa muuzaji viandikwe hata kama muuzaji ni mke wa mwenyekiti anayejitolea, maana hatajitolea daima.

Hasara ikifikia kiasi kilichotengwa, jaribio lifungwe siku hiyo hiyo, awaye yote aliyelileta wazo. Likifaulu, ndipo habari ya mkopo ipelekwe mkutano mkuu, ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa, na daftari lile lisomwe mbele ya wanachama ukurasa kwa ukurasa.