Kwa nini jino hupakwa asidi kabla ya kurekebishwa

Jino la mbele likivunjika kipande, daktari huweza kulirekebisha kwa rezini, dawa ya rangi ya jino ambayo hugandishwa kwa mwanga wa taa maalumu. Wapo wanaolalamika kwamba rezini hiyo ilibanduka baada ya siku chache. Huenda kasoro haikuwa katika rezini bali katika maandalizi ya jino.

Enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, ni madini kwa takriban asilimia 96. Uso wake ni laini kama kigae, hivyo gundi haipati pa kushika. Mnamo 1955, mtafiti Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, alitangaza suluhisho. Viwandani, asidi ya fosforiki ilikuwa ikitumiwa kuandaa vyuma ili rangi ishike. Yeye aliipaka kwenye enameli kwa sekunde 30, na plastiki ikashika vizuri zaidi.

Siku hizi daktari husafisha jino kwanza ili kuondoa utando. Kisha hupaka asidi ya asilimia 37 hivi kwa sekunde 15 hadi 30, akaiosha kwa maji na kulikausha jino kwa hewa. Enameli iliyo tayari huwa nyeupe isiyong'aa, mfano wa chaki. Asidi imeacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Gundi hupenya humo, na ikiganda hushika kama mizizi udongoni.

Adui mkubwa hapa ni mate. Yakigusa jino lililoandaliwa, vitundu huziba na kazi hurudiwa. Kwa hivyo vumilia pamba au mpira unaowekwa mdomoni, wala usiliguse jino kwa ulimi.

Mweleze daktari pia mahali ulikokulia. Maji ya sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, yana floraidi nyingi, nayo huwaachia watoto meno yenye madoa ya kahawia. Enameli ya namna hii hustahimili asidi, na huenda ikahitaji kupakwa kwa muda mrefu zaidi. Na ikiwa umetumia dawa ya kung'arisha meno hivi karibuni, sema. Gundi hushika vyema zaidi baada ya kungoja wiki mbili hivi.

Lakini usijaribu asidi yoyote nyumbani, hata ya limau. Enameli ikiliwa haioti tena.