Wazazi Wana Kipato, Ada Bado Haishikiki

Leo nina barua ya binti wa darasa la kumi na moja anayeishi na wazazi wake nje kidogo ya Dallas, Texas. Mama yake ni nesi, baba yake anashughulika na mifumo ya kompyuta. Walianza Marekani kwa kubeba maboksi, leo wana nyumba yao na nyingine inapanda taratibu Kigamboni. Anaandika: "Dada, chuo ninachokitaka kinakaribia dola 90,000 kwa mwaka. Baba anasema skolashipu ni za watoto wa wasio nacho, sisi tusijisumbue. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, baba yako kasema kweli nusu. Kuna msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato, na kuna unaotolewa kwa kuangalia sifa za mwanafunzi. Yeye anausema wa kwanza.

Huo wa kipato unaanzia kwenye FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa ada, na fomu hiyo haina macho ya Kiswahili. Haijui kwamba kila mwisho wa mwezi mama anamtumia bibi hela Moshi, wala kwamba ada za binamu zako zinatoka mfuko huohuo. Nyumba mnayoishi haihesabiwi, lakini ile ya Kigamboni ni mali, na inatakiwa kutajwa. Kwa hiyo hesabu ikitoka inasema mnajiweza, hata kama mezani kwenu hamuoni huo uwezo. Hata hivyo fomu ijazeni, na mjaze kweli tupu. Vyuo vingine huitaka hata kwa skolashipu ya sifa, na ndiyo inayokufungulia mkopo wa serikali kuu kwa jina lako mwenyewe, hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, bila kujali mshahara wa wazazi.

Sasa tuje kwenye sifa. Hapa kwa kawaida hawaulizi baba anapata ngapi, ila usidhani ni sadaka. Mwenye duka Kariakoo hakupunguzii bei kwa huruma. Anapunguza kwa sababu hataki utoke mikono mitupu uende kwa jirani. Chuo nacho kinataka vijana wenye maksi za kukipandishia wastani, na familia inayoweza kulipa nusu ni bora kuliko kiti kitupu. Punguzo basi utalipata pale ambapo wewe uko juu ya wanafunzi wao wa kawaida, wanapokuhitaji wewe kuliko unavyowahitaji wao.

Ndiyo maana Harvard, Yale, Princeton na wenzao wengine wote wa Ivy League hawatoi skolashipu za sifa kabisa. MIT vilevile. Kila anayeingia huko alikuwa wa kwanza kwao. Wampe nani, wamwache nani? Wanasaidia kwa kipato tu, na wakishasema mnajiweza hakuna mlango wa pili. Mweleze baba hilo mapema, kabla picha ya geti la Harvard haijazunguka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Milango iliyo wazi ni mingine. Kuna vyuo vinavyoweka jedwali hadharani: GPA hii na alama hizi za SAT au ACT, punguzo lako ni hili. University of Alabama inafahamika kwa mtindo huo, na inawapa hata wanaotoka majimbo mengine. Kuna skolashipu za kugombea, zenye insha na usaili, kama Morehead-Cain ya University of North Carolina na Jefferson ya University of Virginia. Hizo hulipa gharama zote, lakini wanaozipata ni wachache mno, kwa hiyo jaribu bila kuzijengea nyumba. Kuna pia za majimbo: Georgia ina HOPE tangu 1993, inayolipwa na fedha za bahati nasibu ya jimbo, na Florida ina Bright Futures. Wasomaji wangu wa Atlanta na Tampa, msizipite.

Wewe wa Dallas, mtihani wa PSAT wa Oktoba ya darasa la kumi na moja ndio unaoingiza watu kwenye mashindano ya National Merit, kwa raia na kwa wenye makazi ya kudumu wanaokusudia kuwa raia. Zawadi yenyewe ni dola 2,500 tu, lakini kuna vyuo vinavyowagombania wanaofika fainali, na University of Texas at Dallas, hapo jirani yenu, imejijengea jina kwa hilo.

Kazi yako ya kwanza iko sebuleni. Kwetu hela haizungumzwi na watoto, najua. Subiri Jumapili baada ya chakula, kaa nao, uombe kwa adabu: "Baba, Mama, naomba kujua kwa mwaka mtaweza kutoa kiasi gani bila kukopa, ili nisiombe chuo kitakachowaumiza." Mzazi anayeulizwa hivyo hakasiriki. Ukishapata namba, ingia tovuti ya kila chuo utafute kikokotoo cha gharama. Sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viwe nacho. Halafu tafuta waraka wa chuo unaoitwa Common Data Set, fungua sehemu ya H. Huko wanaandika wanafunzi wangapi wasio na uhitaji wa kipato walipewa skolashipu ya sifa, na wastani wa fedha zenyewe. Ukikuta sifuri, umejibiwa.

Tahadhari zangu ni hizi. Usidanganyike na ukubwa wa skolashipu, tazama kinachobaki: punguzo la 20,000 kwenye chuo cha 85,000 linakuachia 65,000, na chuo cha jimbo lenu kinaweza kuwa nafuu kuliko hapo bila punguzo lolote. Soma masharti ya kuendelea nayo, maana GPA ikishuka chini ya 3.0 nyingi hukatika, na chuo ni miaka minne. Usijifunge kwa maombi ya mapema yanayokulazimisha kukubali, kwani utapoteza nafasi ya kulinganisha ofa. Madirisha mengine ya skolashipu hufungwa Novemba au Desemba, hata kama maombi ya kawaida yanaendelea hadi Januari. Na anayekutoza hela ili akupe skolashipu ni tapeli.

Barua za kukubaliwa zikija, si dhambi kuomba waongeze punguzo. Andika kwa heshima, ambatanisha ofa ya chuo kingine kinacholingana nacho, uliza kama wanaweza kutazama upya. Fanya hivyo kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu.

Walioko Dar na Nairobi wenye wazazi wanaojiweza: FAFSA si yenu, lakini vyuo kadhaa hutoa skolashipu za sifa kwa wanafunzi wa kimataifa pia. Waandikieni mwaulize.

Watu watauliza mbona mtoto wa fulani hakwenda chuo chenye jina. Waache waulize, ada hawakulipii wao. Wewe niandikie ukishapata namba ya Jumapili, tupange orodha pamoja.

Dada yenu